Kodi Nilipe Leo au Nikizeeka?

Mwaka wangu wa kwanza kazini hapa Minnesota, kwenye nyumba ya kulelea wazee, nilipewa fomu ya akiba ya uzeeni, ile inayoitwa 401(k). Ilikuwa na visanduku viwili: Traditional na Roth. Dada mmoja Mkenya tuliyekuwa tukifanya naye zamu ya usiku akaniambia, "Weka tiki kwenye Traditional, mdogo wangu. Watakukata kodi kidogo, na msimu wa kodi ukifika utapata marejesho mazuri." Nikaweka tiki. Alinishauri kwa moyo mweupe, na najua wengi wetu huku Marekani tumeshauriwa vivyo hivyo na watu wanaotupenda. Lakini kwa kipato nilichokuwa nacho wakati ule, nilipaswa kuchagua kisanduku cha pili, na nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu hadi nimeona niliandike.

Pesa ya Traditional huingia kabla ya kukatwa kodi, na siku utakapoanza kuitoa unatozwa kodi ya mapato kwenye mchango wako pamoja na faida yake yote. Ya Roth unailipia kodi leo. Ukifikisha miaka 59 na nusu, na mitano imepita tangu uanze kuchangia, unachukua yote bila kodi. Akaunti binafsi za Roth, zile unazofungua mwenyewe nje ya kazi, zilianza mwaka 1998, zikipewa jina la seneta William Roth wa Delaware, na upande wa Roth kwenye 401(k) ukafuata mwaka 2006.

Chukua dola 1,000 za mshahara, na tuseme hadi utakapostaafu zitakuwa zimezaa mara nane. Kama kodi yako ni asilimia 12 leo na itakuwa 12 uzeeni, Roth inaingiza dola 880 zinazokuwa 7,040. Traditional inaingiza 1,000 zinazokuwa 8,000, serikali inachukua 960, unabaki na 7,040 zilezile. Hakuna iliyoizidi nyingine. Uzeeni ukijikuta kwenye asilimia 22, za Traditional zinashuka hadi 6,240. Ikiwa ni kinyume chake, 22 leo na 12 uzeeni, Roth ndiyo inayobaki na 6,240.

Kwa hiyo ukitaka kuchagua, linganisha kiwango chako cha kodi cha leo na cha uzeeni. Mtu aliyekuja juzi, anayeosha wagonjwa au kupanga mizigo ghalani huku akisoma jioni, kwa kawaida yuko kwenye kiwango cha chini kabisa cha maisha yake yote ya kazi. Kwa mwaka wa kodi 2025, asiye na ndoa anaweza kulipwa hadi kama dola 64,000 kabla dola yake ya juu haijatozwa asilimia 22 na serikali kuu. Akiwa chini ya hapo, ile asilimia 12 ni bei nafuu, na ni afadhali ailipe sasa amalizane nayo.

Nami nilifanya kinyume. Nilichangia Traditional nikiwa msaidizi wa wauguzi, kodi ikiwa ndogo, halafu nilipopata leseni ya uuguzi na mshahara kupanda ndipo nikahamia Roth, kodi ikiwa kubwa. Na yale marejesho niliyoahidiwa? Niliyapata kila mwaka. Moja lilikwenda kwenye matairi, jingine kwenye bati za nyumba ya mama, na hayo sijutii hata kidogo. Ila hesabu ya 7,040 kwa 7,040 ina sharti: kodi uliyookoa nayo lazima ibaki kwenye akiba. Ukiila, utakuja kulipa kodi ya Traditional uzeeni na nafuu yake uliishaimaliza ujanani.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaosema Roth ndiyo jibu la kila mtu. Nesi anayefanya zamu za ziada hapa Minnesota, akiwa kwenye 22 ya serikali kuu na 6.8 ya jimbo, anapoteza karibu dola 29 katika kila 100 za juu. Huyo achukue Traditional, hasa kama anapanga kuzeekea Texas au Florida kusikokuwa na kodi ya mapato ya jimbo. Tangu sheria ya mwaka 1996, jimbo ulilohama haliruhusiwi kukufuata na kodi kwenye akiba hiyo ya uzeeni.

Yupo pia mama mwenye watoto wawili na kipato kidogo. Anapata ule unafuu wa kodi wa EITC, ambao hupungua kadiri kipato kinavyopanda, na kwa watoto wawili hupungua kwa zaidi ya senti 21 kwa kila dola. Mchango wa Traditional kupitia kazini unashusha kipato kinachohesabiwa, hivyo dola moja ya akiba inaweza kumpunguzia kodi na kumwongezea unafuu kwa wakati mmoja. Kwa mama huyo ile kanuni yangu ya kipato kidogo inageuka, na inaniuma kuona anapewa ushauri uleule wa kijana asiye na mtoto.

Kuna jambo ambalo washauri wa hapa hawatuulizi: utazeekea wapi? Wengi wetu tunajenga Tanga, Kisumu au Bagamoyo. Ukirudi ukiwa raia wa Marekani, utaendelea kujaza fomu za kodi popote ulipo, na utaendelea kupata lile punguzo la kawaida, yaani sehemu ya kipato isiyotozwa kodi, dola 15,750 kwa asiye na ndoa mwaka 2025. Maana yake, kama huna kipato kingine, unaweza kutoa kiasi hicho kwenye Traditional kila mwaka bila kulipa hata senti kwa serikali kuu. Ndiyo maana hata mpenzi wa Roth asikose kabisa akiba ya Traditional.

Ukirudi ukiwa umesalimisha grini kadi, mambo hubadilika. Punguzo hilo la kawaida huna tena. Marekani haina mkataba wa kuepuka kodi mara mbili na Tanzania wala Kenya, kwa hiyo pesa ya Traditional inaweza kukatwa asilimia 30 kabla haijakufikia, na ukitaka sehemu irudi ni wewe kujaza fomu ukiwa kijijini kwenu. Roth iliyotimiza masharti haina makato hayo. Lakini msamaha wake ni wa sheria ya Marekani. Mamlaka za kodi za kwetu, TRA ya Tanzania na KRA ya Kenya, hazifungwi nao, na hilo liulize kabla hujafunga mizigo.

Nikiwa na ndugu wengi wanaonitegemea, napenda pia kwamba kwenye akaunti binafsi ya Roth unaweza kutoa michango yako wakati wowote bila kodi wala adhabu, ilimradi huigusi faida. Simu ya msiba haina saa. Traditional ukiivunja mapema, kwa kawaida unalipa kodi na asilimia 10 ya adhabu juu yake.

Juzi mpwa wangu wa miaka 22 alikuja na fomu yake ya kwanza, anaanza kazi ghalani. Nilimuuliza analipwa kiasi gani, anategemea kusomea nini, na kama ana nia ya kurudi nyumbani. Kwanza tukahakikisha anachangia kiasi kinachotosha kupata nyongeza yote ya mwajiri, ile pesa anayoongeza juu ya mchango wako, maana hiyo inatangulia visanduku vyote viwili. Kisha akaweka tiki kwenye Roth. Kabla hajaondoka tukamfungulia na akaunti binafsi ya Roth kwa dola 50, ili miaka mitano ya akaunti hiyo ianze kuhesabiwa.