Waajiri wa Ulaya, acheni kulialia

Juzi nimesikiliza waajiri wa huku Ujerumani wakilalamika saa nzima kwamba GDPR, sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, inawanyonga. Eti siku hizi huwezi hata kumfahamu mfanyakazi wako. Masikini!

Mmeshasahau kampuni ya nguo ya H&M ya Nuremberg? Mtu akirudi kutoka likizo au kitandani, msimamizi wake anamwita: karibu tena, unaendeleaje, nyumbani hawajambo? Nasi tuliolelewa kujuliana hali hatujui kujibu kwa mkato, unamwaga yote. Ukishatoka, yanaandikwa: safari ilikuwaje, uliumwa nini, daktari kasema nini. Porojo za kwenye korido nazo hazikuachwa, migogoro ya familia, hata dini. Haya yalifanyika tangu angalau mwaka 2014, na baadhi ya maandishi yaliweza kusomwa na mameneja hadi 50. Yangalikuwa yanaendelea hadi leo kama Oktoba 2019 mipangilio ya kompyuta isingekosewa, mafaili yakawa wazi kwa kampuni nzima kwa saa kadhaa. Mwaka uliofuata mamlaka ya kulinda taarifa binafsi ya Hamburg ikawapiga faini ya euro milioni 35.3. Na hii ni nchi ambayo cheti cha kuumwa kinachomfikia mwajiri hakitaji ugonjwa! Sheria ilifunga mlango, wao wakapitia kwenye salamu.

Msiniambie “lakini walikubali wenyewe taarifa zao zichukuliwe”. Mwenye mkataba wa miezi sita, kibali chake cha kuishi kinategemea kazi hiyohiyo, akiletewa fomu na bosi aliyesimama pale pale, atathubutu kukataa? Ndiyo maana wasimamizi wa GDPR wanasema ridhaa ya mfanyakazi kwa mwajiri wake ni nadra kuwa ya hiari.

Kwa Amazon huko Ufaransa, skana ya mkononi ya mfanyakazi wa ghala ilikuwa ikinyamaza dakika kumi tu, imeshaandikwa. Sina la kuongeza.

Haya, moja nawapa, shingo upande. Mwenye kiduka cha watu wanane akimfukuza mtu, mtu huyo akadai nakala ya kila kitu kinachomhusu, kwa GDPR muda ni mwezi mmoja. Uchambue barua pepe zote, ufiche majina ya wenzake, na huna mwanasheria. Hiyo ni adhabu kweli, namwonea huruma. Ila nyinyi wenye ghorofa nzima ya wanasheria, barua pepe za miaka tisa iliyopita mmeziweka za nini?