Kabla hujasema Wazungu wanatupa wazee wao

Kila nikirudi Tanga, siku ya pili haipiti kabla sijaulizwa: "Hivi ni kweli huko Ulaya mzazi akizeeka wanampeleka nyumba ya wazee, wanamwacha hukohuko?" Swali hilo huulizwa barazani, kikombe cha kahawa mkononi, na muulizaji jibu analo tayari. Zamani nilikuwa namsaidia, naongeza na chumvi. Siku hizi siwezi. Kwanza, nyumba hiyo ya wazee ndiko ninakofanya kazi, Hamburg, mwaka wa tisa huu. Pili, niliangalia filamu moja ya Kijapani.

Filamu yenyewe ni Tokyo Story ya Yasujiro Ozu, ya mwaka 1953. Haina ngumi wala bastola. Kamera imewekwa chini kabisa, usawa wa mtu aliyekaa mkekani, na wewe unakaa hapo unawaangalia watu wakiongea. Mzee na mkewe, watu wa Onomichi, mji wa pwani, wanapanda treni kwenda Tokyo kuwaona watoto wao. Mkubwa ni daktari, binti ana saluni. Hakuna mbaya hata mmoja. Wana kazi tu. Siku ya kuwatembeza wazee, mgonjwa anazidiwa, matembezi yanaahirishwa. Binti anachangishana na kaka yake pesa, wazee wanapelekwa Atami, kwenye nyumba ya wageni ufukweni, ambako vijana wanapiga kelele usiku kucha na wazee hawapati usingizi. Anayekuja kuwashika mkono ni Noriko, mke wa mtoto wao aliyefia vitani. Anaomba ruhusa kazini awaonyeshe mji. Anaishi chumba kimoja, na kinywaji cha kuwakirimu anakwenda kukiazima kwa jirani.

Wazee wanarudi kwao, mama anaugua, simu ya maandishi inafika Tokyo. Sasa sikiliza. Kabla ya kupanda treni, binti anamuuliza kaka yake: tuchukue na nguo za msiba? Wanakubaliana wazichukue. Noriko yeye hakubeba.

Hapo nilisimamisha filamu nikaenda kusimama dirishani. Kabatini kwangu, chini ya pasipoti, kuna kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na kukunjwa. Sijawahi kumwambia mtu ni ya nini.

Turudi kazini kwangu. Kuna bibi mmoja, ametupita wote kwa ukali wa ulimi, mwanawe huja kila Jumatano akitoka kazini. Hakai sana. Anamkata mama yake kucha, anazipiga tupa, anamwambia habari za mpira, anaondoka. Miaka minne nimemwona. Jumapili saa tisa alasiri ukumbi wetu hujaa wajukuu na keki. Wapo pia wasiotembelewa na mtu, sitaficha. Wapo wanaoniita kwa majina ya watoto wao, nami naitika. Lakini yule wa Jumatano ananikaa kooni. Mimi mara ya mwisho kumkata mama yangu kucha ni lini? Sijawahi. Dada zangu na binti wa jirani ndio wanaofanya hayo, na mimi natuma hela kila tarehe mosi, halafu nakaa barazani nawahukumu Wajerumani.

Msimamo wangu, na najua wengine mtanikasirikia: sisi tulioko nje nasi tumewaweka wazazi wetu nyumba ya wazee. Tofauti ni kwamba yetu haina jengo. Ina wakala wa pesa za simu, ina binti wa kazi, ina simu ya picha Ijumaa baada ya swala. Mwenzangu wa huku angalau analipa ankara iliyoandikwa jina la huduma. Mimi yangu naiita mapenzi.

Na kuhusu hela hizo, tafuteni Mandabi ya Ousmane Sembène, 1968, Msenegali. Imezungumzwa kwa Kiwolof. Kijana anafagia barabara Paris, anamtumia mjomba wake Ibrahima Dieng hawala ya faranga 25,000 kwa posta ya Dakar. Humo 20,000 ni za kumwekea akiba, 3,000 za mama yake, na 2,000 tu ndizo za mjomba. Hayo hesabu hakuna anayeyasikia. Wanachosikia ni kwamba hela imekuja kutoka Ulaya. Wake zake wameshakopa chakula dukani kabla yeye mwenyewe hajajua. Majirani wanapanga foleni. Naye hela hawezi kuichukua kwa sababu hana kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa, cheti kinataka tarehe asiyoijua, picha zinataka pesa. Mwisho ndugu msomi anajitolea kumsaidia.

Mnajua anavyomsaidia.

Niliicheka filamu hii mpaka nikanyamaza, maana mwaka juzi cheti cha mama kilikuwa na herufi moja tofauti na kitambulisho chake, na kwa herufi hiyo alipanda daladala mara sita kwenda ofisi moja nisiyoitaja. Sembène hakuwa na simu za mkononi za kupigia picha, lakini hebu badilisha posta uweke laini ya simu, uone kama kuna kilichopungua. Ila kijana yule wa Paris ndiye ninayemfikiria zaidi. Tunamwona kwa muda mfupi tu, na ufagio wake. Nyumbani hakuna anayeuliza anafagia nini.

Wajerumani nao wana yao, na ni wao wenyewe waliojisema. Rainer Werner Fassbinder aliipiga filamu hiyo München kwa muda wa wiki mbili hivi, ikatoka 1974: bibi mfanya usafi, mjane, anampenda Ali, Mmoroko kibarua aliye mdogo kwake kwa miaka mingi. Jina la filamu kwa Kijerumani, Angst essen Seele auf, limeandikwa makosa makusudi, kama anavyoongea Ali mwenyewe. Kwetu ingekuwa "Woga kula roho". Watakwambia ni filamu ya ubaguzi, na ni kweli. Mtoto mmoja wa yule bibi anaipiga televisheni teke kwa hasira ya kusikia mama kaolewa na nani. Lakini mimi nilinaswa na kuskusi. Ali anatamani kuskusi. Mkewe anamwambia haipendi, na kwamba azoee mambo ya Ujerumani. Basi Ali anakwenda kwa mwanamke mwingine anayejua kuipika. Kila mtu anaona usaliti. Aliyewahi kuzunguka mji mzima Januari akitafuta unga wa sembe anaona njaa. Mwishoni Ali anaanguka, tumbo lina kidonda, na daktari anaeleza kwa utulivu kwamba wafanyakazi wa kigeni huwapata sana hayo. Nikawakumbuka wenzetu wangapi wanatembea na dawa za tumbo mfukoni.

Mwenye watoto awawekee Children of Heaven ya Majid Majidi, Mwirani, 1997. Kaka amepoteza viatu vya dada yake, wanavaa jozi moja kwa zamu, wanabadilishana uchochoroni mbio mbio. Anaingia mashindano ya kukimbia akitaka awe wa tatu, maana zawadi ya tatu ni viatu. Sisemi zaidi. Ile ya Kiitaliano ya baiskeli, Bicycle Thieves, mtatajiwa na kila mtu, sina ugomvi nayo.

Jambo moja kuhusu kuziangalia. Wajerumani filamu za kigeni huzitia sauti zao, safi, midomo inaelekea kulingana, na kila mtu anaongea kama msoma taarifa ya habari. Mimi nimekulia kibanda umiza, kibanda cha kuonyeshea video, benchi la mbao, ambako mtafsiri alikuwa mtu mzima mwenye kipaza sauti anayemwonya nyota wa filamu: "Geuka nyuma we bwege, unakufa!" Nusu alikuwa akibuni. Lakini alitujua, na Mchina wa skrini akawa mtu wa Ngamiani, kwetu Tanga.

Basi safari hii nilikwenda na Tokyo Story kwenye kompyuta, nikamkalisha mama na shangazi, nikatafsiri mwenyewe. Saa mbili na zaidi. Nilitegemea walie. Mama akawa upande wa watoto!

"Sasa daktari amwache mtoto wa watu anaumwa, awapeleke wazee kutembea?"

"Lakini mama, hata siku moja?"

"Wana kazi. Wewe huna?"

Shangazi alimlaani yule binti wa saluni, hasa pale baada ya maziko anapoomba apewe kimono ya marehemu, msiba haujapoa. Mama hakusema kitu. Tulipofika mwisho, mzee amebaki peke yake, anajipepea, anamwambia jirani dirishani kwamba siku zitakuwa ndefu, nikatafsiri hilo kwa sauti ya chini. Mama akaendelea kuitazama skrini ikiwa imeshakuwa nyeusi.

"Unaondoka Jumanne au Jumatano?"

"Jumatano, mama."

"Basi kesho tuwekee ile ya viatu."