Samaki-kasia amenenepa bwawani, lakini anazaa wapi?

Anayetetea mabwawa mbele ya wanamazingira ana shahidi mzuri: samaki-kasia wa Marekani, mwenye pua bapa kama kasia. Katika mabwawa ya Mto Osage, jimboni Missouri, huvuliwa samaki wa kilo 40 na zaidi. Sababu inaeleweka. Samaki huyu hali chambo wala hawindi wenzake. Huogelea kinywa wazi, matamvua yake yakichuja planktoni, yaani vijidudu vinavyoelea majini, na maji yaliyotulia huzalisha planktoni kwa wingi. Ile pua bapa, karibu theluthi ya urefu wake, imejaa vipokezi vinavyohisi umeme hafifu wa vijidudu hivyo hata maji yakiwa machafu. Basi bwawa kwake ni ghala la chakula.

Ushahidi huo haupuuziki. Ziwa Sakakawea lilipojaa nyuma ya ukuta wa Garrison, North Dakota, kuanzia 1953, samaki-kasia waliongezeka. Lakini wa Sakakawea wanao Mto Yellowstone wa kupanda wakataga, mto ambao haujazibwa na bwawa kubwa. Wa Osage hawana bahati hiyo.

Jike hutaga mto ukifurika, maji yakifika nyuzi 13 hadi 16 hivi za Selsiasi, juu ya kokoto zilizosafishwa na mkondo. Mayai hunata kwenye kokoto hizo. Tope likiyafunika, yamekwisha. Bwawa la Truman, mwishoni mwa miaka ya 1970, lilizamisha mazalia makuu ya Osage. Tangu hapo idara ya uhifadhi ya Missouri hukuza vifaranga vituoni na kuvimwaga majini. Kwa hiyo wingi anaojivunia mtetezi wa bwawa umeletwa kwa lori.

Tena huyu ni samaki wa miaka mingi. Jike huchukua miaka 8 au 10 kukomaa, kaskazini hata zaidi ya 15. Hatagi kila mwaka, na wengine huishi zaidi ya miaka 30. Funga mazalia leo, na kwa muda mrefu wavuvi wataendelea kuinua majitu na kuapa kwamba mto uko salama.

China ilishapita njia hiyo. Binamu yake wa Mto Yangtze, yeye mla samaki, alikatiwa njia mwaka 1981 na ukuta wa Gezhouba, uliojengwa bila njia ya samaki. Uvuvi nao ulimmaliza, hilo halina ubishi. Aliye hai alionekana mara ya mwisho 2003, karibu na Yibin. Akafungwa kifaa cha kumfuatilia, akaachiwa, mawimbi ya kifaa hicho yakapotea. Utafiti uliotolewa miaka 17 baadaye ulikadiria kwamba kufikia 1993 spishi hiyo ilikuwa imepungua mno kiasi cha kutoweza kujiendeleza. Mwaka 1993! Kwa miaka kumi baada ya hapo bado kulikuwa na samaki wa kuonyesha, na aliyesema ametoweka angeonekana mzushi. Tangazo rasmi la IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa asili, kwamba ametoweka lilikuja 2022.

Vituo vya vifaranga visidharauliwe, maana Wachina hawakuwahi kumzalisha wa kwao kituoni, na alipokwisha mtoni akawa amekwisha kabisa. Majangili wa kaviari, yaani mayai ya samaki huyu yanayouzwa kwa bei ghali, nao wapo: mwaka 2013 operesheni moja Missouri ilinasa watuhumiwa zaidi ya mia. Ila jangili hukamatwa, ukuta hubaki. Na kituo kinategemea bajeti ya kila mwaka, na wanadamu ndio wanaochagua ni jike yupi azae.

Sidai kuta zibomolewe. Umeme na kinga ya mafuriko vina watu wanaovitegemea. Huko Intake, Montana, mfereji wa kuzunguka kizuizi cha umwagiliaji ulikamilika 2022 kwa ajili ya jamaa yake, sturjoni aliye hatarini, na kizuizi kikabaki. Wenye Truman waulizwe jambo jepesi zaidi: machipuko yakifika, wanaachia maji kiasi gani, kwa siku ngapi, na kokoto gani za kutagia zimebaki mtoni, upande wa chini wa ukuta wao?