Arifa ya Kompyuta Isiishie Kukataza Dawa

Daktari anaandika metformini, dawa ya kisukari, na kabla hajamaliza kuandika dozi, kidirisha chekundu kinajitokeza katikati ya skrini. Ni cha saba asubuhi hiyo. Kimojawapo kati ya sita vilivyotangulia kilimtahadharisha kwamba dawa mbili za presha zikitumiwa pamoja zinaweza kushusha presha, jambo ambalo ndilo alilokuwa akilitafuta. Kidole kimekwisha kuzoea: kinabonyeza "funga" kabla jicho halijasoma. Safari hii, kwa bahati mbaya, kidirisha kilikuwa na neno la maana, kwamba figo za mgonjwa zinachuja mililita 28 tu kwa dakika, ilhali metformini haifai kutumika zikiwa chini ya 30.

Simlaumu daktari huyo. Mfumo unaopiga kelele kwa kila jambo humzoesha mtumiaji wake kutousikia, na kumsihi awe makini zaidi hakusaidii kitu iwapo arifa zisizo na maana hazijafutwa.

Hata hivyo, kasoro inayonisumbua zaidi ni kwamba arifa nyingi zimeundwa ili kukataza. Humkemea daktari kwa dawa aliyoiandika, lakini hunyamaza kuhusu ile aliyoisahau. Majaribio ya CREDENCE mwaka 2019 na DAPA-CKD mwaka 2020 yalionyesha kwamba kanagliflozini na dapagliflozini, dawa za kisukari za kundi moja, hupunguza kasi ya figo kuharibika, na mwongozo wa mwaka 2022 wa KDIGO, shirika la kimataifa linaloandaa miongozo ya magonjwa ya figo, unaruhusu dawa za kundi hilo zianzishwe kwa mwenye kisukari cha aina ya 2 hata uwezo wa figo ukiwa umeshuka hadi 20. Mgonjwa anayezistahili anaweza kuhudhuria kliniki mwaka mzima asiandikiwe, na skrini isitoe hata mlio.

Arifa ninayoitaka ingejitokeza wakati dawa inaandikwa, ikiwa na kipimo cha mwisho cha kreatinini (taka ya damu inayoonyesha jinsi figo zinavyofanya kazi) pamoja na tarehe yake, dozi iliyo tayari kuidhinishwa, na nafasi ya kueleza sababu ya kukataa, kwa kuwa mgonjwa aliyewahi kupata ketoasidosisi, yaani damu kuzidiwa na asidi, ana sababu nzuri ya kutopewa dawa hizo. Ingehitaji pia kipimo cha albumini ya mkojo (protini inayovuja kupitia figo), kipimo rahisi ambacho husahaulika mno, kiasi kwamba pengine arifa ya kwanza kabisa ingekuwa ya kukiagiza.

Liko jambo jingine ambalo watengenezaji wa mifumo hawaliwazii vya kutosha. Katika wiki za kwanza za kutumia dawa hizo, uwezo wa figo hushuka kidogo, na kwa kawaida mshuko huo si sababu ya kuziacha. Sasa mgonjwa anarudi, majibu ya maabara yanaingia, na arifa nyingine, iliyoandikwa na mtu mwingine kwa kusudi jingine, inamwambia daktari asimamishe dawa ileile ambayo kompyuta hiyohiyo ilimshauri aianzishe mwezi uliopita. Ningependa kujua ni nani aliyepewa kazi ya kuzisoma arifa hizo mbili kwa pamoja.