Mjomba alidhani anapelekwa Dodoma

"Ni kodoma," daktari alisema. Mjomba alikuwa amelala ubavu kwa sababu kukaa kulishamshinda. Akanyanyua kichwa: "Dodoma kufanya nini tena, mwanangu? Si juzi tu nimetoka Nachingwea?" Tulicheka, daktari naye akacheka. Kisha akatufafanulia kwamba ni aina ya saratani ya mfupa, na kicheko kikaishia hapo.

Kijijini kwetu maneno hayo yana sura ya mtu. Kulikuwa na kijana wa miaka 16, mchezaji mpira, goti likamvimba. Ilisemwa kapigwa teke uwanjani. Akachuliwa, akafungwa majani, akachanjwa chale. Alipofika hospitali ya mkoa, ugonjwa ulikuwa umeshaingia mapafuni. Hakumaliza mwaka. Tangu hapo, mtu akitaja kansa ya mfupa watu wanahesabu miezi kwa vidole. Kwa hiyo habari ya mjomba ilipofika nyumbani kwa simu, sisi tukiwa bado tuko Dar, ndugu yetu mmoja alikwisha kukabidhiwa ekari mbili za mikorosho "azishikilie".

Mimi nina ugomvi na maneno hayo, saratani ya mfupa, jinsi tunavyoyatumia kama jina la ugonjwa mmoja. Ni sawa na kusema "homa" ukaishia hapo.

Kwa umri wake na goti lile, ugonjwa wa kijana yule kwa dalili zote ulikuwa osteosakoma. Huo hupenda vijana walio kwenye kurefuka, huanzia karibu na goti kuliko mahali pengine popote, na ukisafiri huenda mapafuni. Kodoma ni kitu kingine kabisa. Mtoto anapoumbika tumboni, kuna kamba laini inayoongoza ujenzi wa uti wa mgongo, halafu kamba hiyo hutoweka. Masalia yake yanaweza kubaki, na kwa watu wachache sana, miaka mingi baadaye, hugeuka uvimbe, mara nyingi ama chini ya kiuno juu ya kitokono, ama pale fuvu linapokutana na shingo. Huwapata takriban mtu 1 katika kila watu milioni 1 kwa mwaka, wanaume zaidi ya wanawake, wengi wakiwa wamekaribia miaka 60 au wameipita. Hukua polepole mno. Nusu ya wagonjwa huishi zaidi ya miaka 7 hivi tangu kugunduliwa. Mjomba alikuwa na miaka 61, na uvimbe wake uko kiunoni. Kama angekuwa kwenye kitabu cha wanafunzi wa udaktari asingefaa zaidi ya hapo.

Upole huo wa kukua ndio uliomponza. Kwa miaka mitatu kiuno kilimuuma, choo kikawa kigumu, akapewa dawa za bawasiri. Zikaisha, akapewa nyingine. Mwingine akamwambia ni uzee. Rafiki zake kijiweni wakawa na maelezo yao kuhusu mwanamume mwenye kiuno kibovu, ambayo sitayaandika hapa. Kodoma ya pale chini, mara nyingi daktari anaweza kuigusa kwa kidole chenye glovu kupitia njia ya haja kubwa. Kipimo cha dakika moja, hakihitaji umeme. Miaka mitatu hakuna aliyekifanya, na nakiri mjomba mwenyewe asingekubali kirahisi.

Halafu usiku, wodini, nikaanza kusoma kwenye simu. Mengi yanayojulikana kuhusu saratani hizi adimu yametoka kwenye daftari la saratani la Marekani, liitwalo SEER, lililoanza kukusanya taarifa mwaka 1973. Ugonjwa unaompata mtu mmoja katika milioni hauwezi kueleweka hospitali moja, lazima majalada ya miaka mingi yarundikwe pamoja. Nilikuta mambo yaleyale yanajirudia: umri, ukubwa wa uvimbe, kama umesambaa, kama upasuaji umefanyika na umeutoa wote. Mwenye osteosakoma isiyosambaa, kwa tiba kamili, hupona karibu watu 7 katika 10. Ikigunduliwa imeshasambaa hubaki 2 au 3.

Nikajiuliza kuhusu ule mstari wa "imesambaa". Unaandikwa kama sifa ya mgonjwa, sawa na umri na jinsia. Kwa kijana wetu ni nani aliyeuandika? Kuna uvimbe mkali unaokimbia hata ukiwahiwa, kwa hiyo sitamlaumu mama yake. Lakini picha ya eksirei ya goti lile ilingoja chale zipone kwanza.

Na takwimu zenyewe zina tarehe. Terry Fox, kijana wa Kanada aliyeamua kukimbia kuvuka nchi yake kwa mguu mmoja mwaka 1980, alikatwa mguu kwa osteosakoma mwaka 1977. Aliambiwa nafasi yake ya kupona ni asilimia 50, na kwamba miaka miwili tu nyuma ingekuwa 15. Tofauti ilikuwa dawa za kemo. Alifariki 1981, akiwa na miaka 22. Kwa hiyo mtu asiyezipata dawa hizo leo hayumo kwenye ile 7 katika 10, yumo kwenye takwimu za kabla ya Fox.

Ndugu wengine wa ukoo huu wa saratani za mfupa nawataja kwa haraka. Adamantinoma hukaa kwenye mfupa wa muundi, na wengi wa wagonjwa wake huishi miaka 10 na zaidi. Sakoma ya Ewing, inayoogopwa na wazazi wa Ulaya, ni nadra sana kwa watu wenye asili ya Afrika. Kondrosakoma, saratani ya gegedu, iliyobadilika kuwa kali ni miongoni mwa zile mbaya zaidi, wengi hawafikishi miaka miwili. Na kwa mtu mzima, mara nyingi kansa inayoonekana mfupani imetoka kwingine, kwenye tezi dume au titi.

Ndiyo maana nasema kinyama cha uvimbe kikatwe, kiende maabara, na jina kamili lirudi, kabla ya ukoo kuitwa kikao. Na kinyama hicho akikate daktari wa timu itakayopasua, kwa sababu njia ya sindano nayo hubeba chembe za ugonjwa na hutakiwa kuondolewa pamoja na uvimbe. Nimeona watu wanatumbuliwa uvimbe wa mguu kama jipu.

Mjomba alipasuliwa. Haukutoka wote, akaongezewa mionzi. Anatembea na mpira wa mkojo, anaulalamikia kila siku, na huu ni msimu wake wa tano wa korosho tangu siku ile. Kitu cha kwanza alichofanya aliporudi ni kwenda shambani kwa bodaboda, amekaa upande upande. Alimkuta yule ndugu ameshaanza kupalilia. Ndugu akajitetea kwamba alikuwa anasaidia tu.