Kunyimwa karatasi, kuachiwa bastola

Je, aliyetiwa hatiani Marekani kwa kuendesha gari akiwa amelewa azuiwe kubeba bastola? Kila jimbo lina jibu lake. Tuanze na Texas, maana huko sheria imejikanyaga yenyewe. Mtu akitiwa hatiani kwa kuendesha gari akiwa amelewa, hata kama ni mara ya kwanza na hakumgusa mtu, hapewi kibali cha kubeba bastola kwa miaka 5. Kosa hilo la kwanza kwa kawaida ni la daraja B, yaani kosa dogo ambalo kifungo chake hakizidi siku 180, na sheria ya vibali inamkataa kila aliyetiwa hatiani kwa kosa la daraja A au B ndani ya miaka 5 kabla ya kuomba. Akikamatwa tena na kuwa na hukumu mbili za namna hiyo ndani ya miaka 10, anahesabiwa kuwa mraibu wa kilevi, na mlango unabaki umefungwa hadi hukumu ya zamani ipitwe na hiyo miaka 10.

Huo ni upande wa karatasi. Upande wa mtaani ni mwingine. Tangu tarehe 1 Septemba 2021, Texas haimdai mtu kibali. Mtu mzima asiyekatazwa na sheria kumiliki silaha anaweza kuichomeka bastola kiunoni, akaifunika kwa shati au akaiweka wazi kwenye ala yake, akaenda zake dukani. Waliotunga sheria hiyo walitaja makosa madogo ambayo aliyetiwa hatiani nayo hataruhusiwa kubeba kwa miaka 5: kumpiga na kumjeruhi mtu, vitisho, kufyatua au kuonyesha silaha hadharani ili kutisha watu, na machache ya jinsi hiyo. Ulevi barabarani haumo.

Kwa hiyo aliyetiwa hatiani mwaka jana akiomba kibali, idara ya usalama wa umma ya jimbo itamkatalia, na siku hiyohiyo anaweza kutoka nyumbani na bastola ileile kiunoni bila kuvunja sheria ya Texas. Akinyimwa, anakosa nini hasa? Anakosa urahisi wa kubeba silaha katika majimbo yanayotambua kibali cha Texas, anakosa kuruka ukaguzi wa rekodi anaponunua bunduki dukani, na anakosa kinga moja ambayo wengi hawaijui. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1990 inakataza kuwa na bunduki ndani ya futi 1,000, kama mita 300, kutoka shuleni, ila kwa mwenye kibali cha jimbo hilo, au silaha isiyo na risasi na iliyofungiwa. Sasa jaribu kukatiza Houston kwa gari bila kupita karibu na shule. Mtu asiye na kibali anabeba kihalali mbele ya jimbo na kinyume cha sheria mbele ya serikali ya Washington, na pengine hajui hata moja kati ya hayo mawili.

Hali ni tofauti kabisa usiku wa kukamatwa. Bastola iliyokaa ndani ya gari kihalali saa mbili usiku inageuka kosa la pili saa sita, dereva akisimamishwa amelewa, kwa sababu Texas inakataza kubeba bastola ndani ya gari huku ukitenda kosa lililo zito kuliko daraja C, lile dogo kabisa. Kosa hilo la pili ni la daraja A, zito kuliko ulevi wenyewe. Hapo sheria inaeleweka, maana pombe na silaha viko pamoja, usiku huohuo, ndani ya gari hilohilo.

Majimbo mengine yamechagua hesabu zao. Virginia na North Carolina hukataa kibali kwa miaka 3 baada ya hukumu moja. Illinois husubiri makosa mawili ndani ya miaka 5. Florida ni makosa mawili ndani ya miaka 3, lakini Florida ilifanya jambo ambalo Texas haikulifanya: iliporuhusu watu kubeba kwa kificho bila kibali, kuanzia Julai 2023, ilibakiza masharti yaleyale ya kustahili. Aliyezuiwa kupata kibali kwa ulevi haruhusiwi kubeba bila kibali pia. Mtu anaweza kubishana na sheria hiyo, lakini angalau inasema neno moja.

Wanaotetea zuio wana hoja nzito, nami sitaipuuza. Mwaka 2023 ajali zilizohusisha madereva walevi ziliua watu zaidi ya 12,000 Marekani, karibu theluthi ya vifo vyote vya barabarani. Aliyeshika usukani akiwa amelewa ameonyesha kwa vitendo kwamba akishakunywa anaweza kuingia hadharani na chombo cha kuua na asijizuie. Watafiti wa California waliwafuatilia watu waliokuwa wamenunua bastola kihalali mwaka 2001, hadi mwaka 2013. Waliokuwa na hukumu ya ulevi barabarani, bila kosa jingine lolote, walikuja kukamatwa kwa mauaji, ubakaji, unyang'anyi au shambulio zito kwa kiwango kilichozidi mara mbili kile cha wenzao wasio na rekodi. Hilo si jambo la kupuuza. Ila utafiti huohuo ukiusoma vizuri unaonyesha kwamba walio wengi katika kundi hilo hawakukamatwa kwa ukatili wowote. Kinachopatikana hapo ni dalili ya hatari, na dalili inatosha kumwambia mtu asubiri. Kumfungia maisha kunahitaji zaidi ya hapo.

Na kuna wanaofungiwa maisha, kwa njia ambayo raia wa kawaida haioni. Sheria ya shirikisho ya silaha ya mwaka 1968 haitaji ulevi barabarani. Inasema tu kwamba aliyetiwa hatiani kwa kosa ambalo adhabu yake inaweza kuzidi mwaka mmoja jela haruhusiwi kumiliki silaha. Kosa ambalo jimbo linaliita dogo linasamehewa, mradi kifungo chake cha juu kisizidi miaka 2. Kinachopimwa hapa ni kifungo kilichoandikwa kwenye sheria, wala si siku ambazo mtu amekaa jela. Na asiyeruhusiwa kumiliki bunduki hana haja ya kuuliza habari za kibali.

Massachusetts, ulevi barabarani kwa mara ya kwanza unaweza kufungisha hadi miaka 2 na nusu. Karibu hakuna anayepewa kifungo hicho, wengi huishia kifungo cha nje na darasa la pombe. Lakini miezi sita hiyo ya ziada, ambayo haitumikiwi, ndiyo inayomvusha mtu kutoka upande wa wanaosamehewa hadi upande wa waliokatazwa. Vuka mpaka uingie New Hampshire: kosa lilelile la kwanza halina jela kabisa, ni faini na kunyang'anywa leseni ya udereva kwa miezi kadhaa, na jimbo hilo haliombi kibali cha kubeba tangu mwaka 2017. Madereva wawili waliokunywa baa moja, kipimo kimoja, mmoja akasimamishwa kabla ya mpaka na mwingine baada yake. Wa kwanza amepoteza bastola ya nyumbani kwake, wa pili anabeba barabarani. Sioni hoja ya usalama inayoweza kulieleza hilo.

Pennsylvania ndiko jambo hili lilikofika mahakamani kwa sauti. Katika kesi ya Holloway, mtu wa jina hilo alitiwa hatiani mwaka 2005 kwa kosa la pili la ulevi barabarani katika miaka michache, kilevi kwenye damu kikiwa asilimia 0.192, zaidi ya mara mbili ya kikomo cha 0.08. Alipewa siku 90 za kifungo kinachomruhusu kutoka kwenda kazini. Kifungo cha juu kwa kosa hilo, hata hivyo, kilikuwa miaka 5. Mwaka 2016 alijaribu kununua bunduki akakataliwa. Mahakama ya wilaya ikampa haki mwaka 2018, ya rufaa ikaibatilisha mwaka 2020 kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, na Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza mwaka 2021. Majaji wawili wa rufaa waliomkatalia walisema ulevi wa kurudia ni kosa zito kwa sababu unaua. Jaji mwenzao aliyepinga aliona kwamba kosa ambalo jimbo lenyewe linaliita dogo, na kuliadhibu kidogo, haliwezi kugeuka zito ghafla linapofika kwenye haki ya kikatiba.

Mwaka mmoja baadaye meza ikapinduliwa. Katika hukumu ya Bruen ya Juni 2022, Mahakama ya Juu ilisema sheria ya silaha lazima iendane na historia ya nchi. Mahakama ileile ya rufaa iliyomkatalia Holloway ikaacha mizani yake ya uzito wa kosa, na mwaka 2023, kisha tena Desemba 2024, ikampa haki mtu aliyekuwa na hukumu ya udanganyifu wa msaada wa chakula ya mwaka 1995. Tangu hapo wanasheria wanachimba vitabu vya kikoloni. Wanakuta, kwa mfano, sheria ya Virginia ya mwaka 1655 iliyokataza kufyatua bunduki kwenye ulevi, isipokuwa harusini na mazishini (mazishini kwa nini, wanajua wenyewe). Sheria kama hizo zinamgusa aliyelewa sasa hivi na silaha mkononi. Mwaka 2024 mahakama ya rufaa inayohudumia Texas ilitumia hoja hiyohiyo katika kesi ya mtumiaji wa bangi: historia inaruhusu kumnyang'anya silaha mtu aliyelewa, lakini si kumkataza aliye timamu leo kwa sababu ya kilevi cha jana. Upande wa pili, wa wanaotetea mazuio, unajibu kwa hukumu ya Rahimi ya Juni 2024, ambapo majaji wanane kati ya tisa wa Mahakama ya Juu walisema haitafutwi sheria pacha ya zamani, inatosha kanuni yake ifanane.

Mimi kesi inayonisaidia kufikiri ni nyingine, ya Begay, kutoka New Mexico. Mwaka 2004 mwanamume mmoja, baada ya usiku wa kunywa sana, alimwelekezea shangazi yake bunduki akidai pesa. Shangazi aliposema hana, akavuta kifyatulio, akavuta tena na tena. Haikulia, haikuwa na risasi. Alikuwa na hukumu 12 za ulevi barabarani. Swali lililofika Mahakama ya Juu mwaka 2008 lilihusu adhabu: je, hukumu zile zihesabiwe kuwa makosa ya ukatili ili kifungo chake cha chini kiwe miaka 15? Majaji sita walisema hapana. Jaji Breyer aliandika kwamba mlevi anayeendesha gari hakusudii kumdhuru mtu, na sheria ile ilimlenga ambaye maisha yake yanaonyesha anaweza kuelekeza bunduki na kufyatua kwa makusudi. Jaji Alito, aliyepinga, ndiye aliyekisimulia kisa cha shangazi. Kifungu chenyewe cha sheria kilibatilishwa mwaka 2015 kwa kukosa uwazi, ila mvutano wa majaji hao wawili haujaisha.

Nadhani Breyer alikuwa sahihi kuhusu kifungo, na hoja yake haifai kuhamishiwa kwenye kibali. Kifungo kinauliza mtu alikusudia nini. Kibali kinauliza kama mtu huyu anaweza kuaminiwa akae na risasi kiunoni katikati ya watu, na kwa swali hilo uzembe una uzito sawa na ubaya wa moyo. Bunduki iliyoanguka chooni baa haijali nia ya mwenyewe. Kwa hiyo kumzuia mtu kubeba hadharani kwa miaka 3 au 5 baada ya kosa moja kunaniingia akilini, na muda mrefu zaidi akirudia. Ila zuio hilo liandikwe kwenye kubeba kwenyewe, kama Florida, si kwenye karatasi peke yake. Zuio la Texas linampata hasa mtu mwaminifu aliyejaza fomu, akalipa ada na kutoa alama za vidole, huku asiyeomba chochote akipita.

Zuio la kumiliki maisha yote, linalotokana na kosa moja la miaka 20 iliyopita kwa sababu tu ya urefu wa kifungo kilichoandikwa, sioni jinsi ya kulitetea. Hata mlango wa kuomba haki irudishwe ulikuwa wa kuchora ukutani: Bunge lilikata fedha za kushughulikia maombi hayo mwaka 1992, na ni mwaka 2025 tu Wizara ya Sheria ilipoanza kuufufua utaratibu huo. Wanaohofia uamuzi wa kumpima mtu mmoja mmoja wana haki ya kuhofia. Kenya, sheria inawaachia wanaotoa leseni waamue kama mwombaji ni mlevi asiyefaa kupewa cheti cha silaha, na tunajua uamuzi wa afisa unavyoweza kwenda. Miaka iliyohesabiwa ni bora kuliko jicho la afisa, na pia ni bora kuliko milele.

Haya yanawahusu Waswahili walioko huko kuliko wanavyodhani. Mkazi wa kudumu mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kumiliki silaha kama raia, na masharti ya rekodi ni yaleyale. Wengi wakikamatwa kwa ulevi hukiri haraka ili warudi kazini Jumatatu. Tangu mwaka 2010 Mahakama ya Juu inamtaka wakili amweleze mteja asiye raia kama kukiri kutamhatarisha kufukuzwa nchini. Hukumu ile ilihusu uhamiaji, si bunduki, kwa hiyo mtu asisubiri kuelezwa upande wa silaha. Aulize mwenyewe kabla ya kutia sahihi: kifungo cha juu cha kosa hili kimeandikwa muda gani, na je, mpango ninaopewa unahesabika kuwa hukumu? Massachusetts kuna utaratibu wa kesi kuahirishwa bila kutangazwa hatia, nao si hukumu. Texas, kuahirishiwa hatia kwa kosa la kwanza kumeruhusiwa tangu Septemba 2019 kwa ambaye kilevi kwenye damu yake kilikuwa chini ya asilimia 0.15, lakini ofisi ya vibali huhesabu kana kwamba ametiwa hatiani.