Ufadhili kwa ufaulu: ahadi ambayo mtoto anaielewa

Wanaopinga ufadhili wa masomo unaoangalia alama tu si watu wa kubezwa. Nyuma ya alama kuna shule yenye walimu wa kutosha, kuna mzazi aliyesoma, kuna taa ya kusomea usiku. Ukiwapanga wanafunzi kwa alama, mara nyingi umewapanga kwa mifuko ya wazazi wao. Vyuo vikuu vinane vya Ivy League, kundi la vyuo maarufu vya Marekani, havitoi kabisa ufadhili huu. Vinaangalia uwezo wa familia. (Kwao ni rahisi: kila anayepokelewa ana alama za juu.)

Mfano wanaoupenda ni HOPE, mpango wa ufadhili wa jimbo la Georgia, Marekani, ulioanza 1993 kwa fedha za bahati nasibu. Mwanzoni familia yenye kipato cha zaidi ya dola 66,000 kwa mwaka haikuhusika. Mwaka uliofuata kikomo kikapanda hadi dola 100,000, 1995 kikafutwa. Kwa hiyo mnunuzi wa tiketi asiye na kitu akawa anamlipia ada mtoto wa mwenye nacho, ambaye angesoma hata bila msaada.

Hilo silipingi. Ila tazama sharti lenyewe lilivyoanza: maliza sekondari na wastani wa B, utalipiwa ada ya chuo cha umma. Basi. Mtoto anaweza kutembea na sentensi hiyo kichwani miaka minne, akaitaja nyumbani, akaikumbuka usiku wa kuamkia mtihani.

Msaada wa wahitaji nao huanza na fomu. Thibitisha kipato, leta vielelezo, subiri. Mzazi anayeishi kwa vibarua atatoa wapi hati ya mshahara? Mtoto wa msomi ana wa kumjazia. Yule ambaye ukoo mzima haujawahi kufika chuo ndiye anayekwama ukurasa wa tatu, na pengine jibu linamfikia akiwa ameshakata tamaa. Utaratibu uliowekwa kwa ajili yake unamchuja yeye. Isitoshe, anatakiwa auanike ufukara wake mbele ya wasiomjua. Aliyefaulu hadaiwi maelezo hayo, na sijui kwa nini heshima hii huhesabiwa kuwa jambo dogo.

Ninapotofautiana na watetezi wenzangu ni kwenye masharti ya kubaki na ufadhili. HOPE hudai wastani wa chuoni usishuke chini ya 3.0, yaani B, kwenye kipimo cha 4.0, na watafiti waliochunguza Chuo Kikuu cha Georgia walikuta wanafunzi wakichukua masomo machache zaidi na kujitoa kwenye baadhi ya masomo katikati ya muhula. Ndivyo ilivyo: ukimwambia kijana kwamba somo moja gumu la fizikia linaweza kumnyima ada, atalikwepa, na mpango utakuwa umemlipa ili asijaribu. Kisha 2011, fedha za bahati nasibu zilipoelemewa, malipo kamili ya ada yakaachiwa walioanzia wastani wa 3.7. Yaani ahadi ilisogezwa juu, mbali na yule aliyeihitaji.

Fedha zikipungua, ningekata kiasi kilekile kwa kila aliyefikisha B, ngazi ikabaki palepale. Na mwaka wa kwanza nisingeuhesabu kabisa; wengi huumaliza ndiyo kwanza wanajifunza kusoma bila kengele.